Kiongozi wa kambi aanzie kwenye kile asichoweza kukifanya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee kazi moja ambayo kurasa za teknolojia zinaipita kila siku bila kuiangalia vizuri. Huwa tunasoma gemu jipya limetoka, limeuza vipi, linataka kompyuta ya nguvu gani, sawa, na mara moja moja wanaguswa wale wanaotengeneza modi, yani wachezaji wanaofungua mafaili ya gemu na kuligeuza liwe kitu kingine, ila wakiguswa wanaandikwa kama mafundi wa kupaka rangi, eti wamebadilisha silaha, wameongeza mavazi, wamechora ramani mpya. Ndani ya kazi hiyo kuna uandishi mzito na hakuna anayeutaja. Mi leo nataka kipande kimoja tu cha uandishi huo, ile shughuli ya kuchukua hekaya za fantasia, zile za miungu na wachawi na falme zilizozama, na kutoa humo viongozi wa kambi zitakazopigana kwenye modi.

Viongozi wengi wanaotengenezwa hivi hawana uhai. Mtu anapenda hekaya fulani, anamchukua mfalme wake, anamtafutia picha kali, anaandika aya tatu za historia, alafu anafika kwenye namba anampa asilimia 10 ya nguvu ya kushambulia na asilimia 15 ya dhahabu, basi kamaliza. Jirani yake malkia wa msituni naye hivyo hivyo, picha kali, aya tatu, asilimia 10 kwa wapiga mishale. Ukishafunga ule ukurasa wa kuchagua kambi huwajui tena nani ni nani, maana wote wanajenga, wote wanakuvamia wakiona umelegea, wote wanaomba amani wakipigwa. Ile historia ndefu iliyoandikwa mwanzoni imebaki kwenye ukurasa wake peke yake, haijaingia kwenye gemu hata kidogo, na inaniuma kwa sababu najua aliyeiandika alikesha nayo.

Msimamo wangu ni kwamba kiongozi wa kambi inabidi aanzie kwenye kile asichoweza kukifanya. Nguvu zake kila mtu anazijua, hekaya zenyewe zinapenda kusifia nguvu, aliua joka, aliteka mji, upanga wake unawaka moto. Lakini ukisoma taratibu utaona kiongozi anayekaa kichwani mwa watu miaka na miaka ni yule ambaye kuna mlango mmoja amefungiwa, kaapa kiapo, au kuna mtu anamwogopa, au alichukua kitu kisicho chake na anaendelea kukilipia, au watu wake hawatamsamehe akifanya jambo fulani. Huo mlango ndio wa kuutafuta kwanza, na ndio wa kuuingiza kwenye mafaili kabla ya bonasi yoyote, kwa sababu mchezaji akizuiwa kufanya kitu ambacho wenzake wote wanakifanya, hapo hapo anaanza kufikiri kama huyo kiongozi, hata kama hajasoma mstari mmoja wa historia yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Fall from Heaven, modi ya Civilization IV, gemu la kujenga taifa na kushindana na mataifa mengine lililotoka 2005. Aliyeiongoza ni Derek Paxton, wachezaji wanamjua kama Kael, na hekaya yake hakuiazima kwa mtu, ilitoka kwenye kampeni za Dungeons & Dragons, gemu la mezani la kuigiza hadithi, alizokuwa anaziendesha mwenyewe. Angalia alivyofanywa Cassiel mle ndani. Cassiel ni malaika aliyeachana na miungu akaenda kuishi na binadamu awafundishe kujisimamia. Modi ina dini 7, kila moja na mashujaa wake, na mchezaji yeyote mwenye haraka anakimbilia mojawapo mapema kabisa kwa sababu faida ni kubwa. Cassiel haruhusiwi. Ukimchagua yeye na watu wake wa Grigori hakuna dini ya taifa mpaka gemu linaisha, badala yake wanakujia wale wasafiri wa kujitolea wanaoanza wadogo na kukua mpaka wanafanana na mashujaa wa wenzako. Yani imani yake yote imeingia kwenye gemu kwa katazo moja na zawadi moja, na mtu akicheza naye kwa muda atakueleza Cassiel ni nani vizuri kuliko aliyesoma maelezo yake tu.

Au wale Khazad, watu wafupi wa chini ya mlima. Hekaya za fantasia hazikosi watu hao na kila mahali wanasemwa wanapenda dhahabu, kwa hiyo rahisi ingekuwa kuwapa asilimia za dhahabu na kwenda kulala. Waliotengeneza Fall from Heaven wakawapa hazina inayopimwa kwa idadi ya miji, ikijaa watu wanafurahi na kazi inakwenda, ikiwa tupu watu wananung'unika. Sasa fikiria hiyo inakufanya nini wewe unayecheza. Mwenzako akipata dhahabu anaitumia, wewe ukiipata unaogopa kuitumia, unaiangalia tu, na ukitaka kupanua himaya kila mji mpya unaifanya hazina ile ile ionekane ndogo kuliko jana, basi unajikuta unakataa kupanuka huku jirani anachukua ardhi, na hakuna aliyekuambia uwe mchoyo. Umekuwa mchoyo mwenyewe. Huo ndio uandishi ninaousema, na hauna hata sentensi moja.

Kuna Perpentach, mfalme kichaa wa Balseraph, ambaye sifa zake zinageuka zenyewe gemu likiendelea, leo yuko hivi kesho yuko vingine, huwezi kupanga mbali. Kuna Hyborem, mkuu wa mashetani, huyo hata haanzi pamoja na wengine, hayupo kwenye ramani mpaka taifa fulani lifanye utafiti wa mkataba wa kuzimu, yani ni tamaa ya mtu mwingine inayomwingiza duniani, na akishaingia waovu wanaokufa vitani nafsi zao zinahamia kwake zinajaza miji yake, kwa hiyo hata vita ambavyo hajapigana vinamlisha. Mkabala wake kuna Basium wa malaika, naye anaingia kwa lango linalojengwa na taifa jingine. Hawa wawili ni maadui kwenye hekaya na gemu limewafanya wote wategemee wengine kufungua njia, na mtu akielewa hilo anaanza kuwachunga majirani zake kwa jicho jingine kabisa. Na kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya kupotezea muda, Paxton baadaye alienda kampuni ya magemu ya Stardock akaongoza utengenezaji wa gemu la Fallen Enchantress lililotoka 2012.

Lakini huwezi kumfungia mtu mlango kama hujui nyumba ina milango gani. Hapa ndipo wapenzi wa hekaya wengi wanapokwama, wanaandika kurasa na kurasa kabla hawajafungua faili lolote la gemu, alafu wanakuta gemu halina sehemu ya kuweka walichoandika. Mi nashauri siku zote usome mafaili kwanza, uone gemu linapima nini, ndipo urudi kwenye hekaya na macho hayo.

Chukua Medieval II: Total War ya 2006, ambayo hadi leo watu wanajenga juu yake modi za fantasia. Gemu hilo lina kipimo kimoja chenye pande mbili, huku uungwana, huku vitisho. Baada ya vita unaulizwa mateka uwafanye nini, uwaachie, uwauze kwa fidia, au uwaue. Ukiwaachia jenerali wako anasogea upande wa uungwana na askari wake wanapigana kwa ari zaidi, ukiwaua anasogea upande wa vitisho na maadui wanaanza kuvunjika moyo wakimwona. Tabia za watu zimeandikwa kwa vichochezi, tukio likitokea na mtu akiwa katika hali fulani basi ana nafasi kadhaa ya kupata tabia fulani, na mafaili haya ni maandishi matupu, unayafungua kwa programu ya kuandikia ya kawaida kabisa. Sasa kama hekaya yako ina bwana aliyeapa hatamwaga damu ya mateka kwa sababu ya kitu kilichompata ujanani, hapo una pa kumweka, siku akivunja kiapo uaminifu wa wale majenerali waliomfuata kwa ajili ya kiapo hicho unashuka. Upanga wa ukoo, mshauri mzee, mbwa wa mfalme, vyote vinaingia kama wafuasi wa jenerali, na mtu mmoja hawezi kuwa na zaidi ya 8, kwa hiyo unalazimika kuchagua kipi kwenye hekaya kina uzito kweli. Gemu hilo hilo halikubali zaidi ya kambi 31 ukihesabu na waasi. Wengi wanalalamika juu ya namba hiyo, mi naona inasaidia, inakulazimisha ujiulize huyu kabaila wa bonde fulani kweli anastahili kambi yake au ni jenerali tu ndani ya kambi ya mtu.

Crusader Kings III ya 2020 ndiyo inayoniridhisha kuliko zote kwenye jambo hili, kwa sababu gemu zima limejengwa juu ya watu. Kila mtu ana tabia zake, na akifanya kitu kinachopingana na tabia yake anapata msongo wa mawazo, mwenye huruma akimnyonga mtu anaumia, mkweli akitunga hila anaumia. Msongo unapanda ngazi kwa ngazi, kila 100 ngazi moja, na ukipanda mtu anavunjika, anaanza ulevi au kitu kingine cha kujiliwaza, na anaweza hata kufa. Na chini ya tabia hizo kuna namba ambazo mchezaji hazioni, ujasiri, huruma, uchoyo, heshima, kisasi, ari ya dini na nyingine, zinakwenda kutoka hasi 100 mpaka 100, na ndizo zinazoamua kompyuta itamchezeshaje huyo mtu. Hapo huhitaji kumkataza kiongozi kitu, unamruhusu afanye alafu unamwachia alipe mwenyewe, ambayo kwa hekaya nyingi ni karibu zaidi na ukweli.

Ngoja nichukue mtu mmoja nimfanyie kazi mbele yenu, maana maneno ya juu juu hayasaidii. Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi kwenye Skyrim, gemu la 2011 la mfululizo wa The Elder Scrolls, wachezaji wengi wanamjua na wengi wanagombana juu yake. Ukimtengeneza kwa nguvu utampa ile sauti yake inayoua na wapiganaji wa baridi, kwisha. Sasa soma yaliyoandikwa ndani ya gemu lenyewe. Alikuwa anasomea Sauti, ule uchawi wa maneno, kwa watawa wa mlimani, akaacha masomo akaenda kupigania himaya kwenye vita kuu dhidi ya Thalmor, watawala wa taifa adui, akakamatwa, akahojiwa, akaaminishwa kwamba mji mkuu wa himaya ulianguka kwa sababu ya maneno aliyoyatoa yeye, na haikuwa kweli, mji ulikuwa umeshaanguka. Vita vikaisha kwa mkataba uliokataza ibada ya Talos, mungu ambaye watu wa Ulfric wanamwabudu. Baadaye akaukomboa mji wa Markarth kwa ahadi kwamba ibada ya Talos itaruhusiwa, ahadi ikavunjwa, akafungwa. Miaka ikapita, akamwita mfalme mkuu Torygg kwenye pambano akamuua, na hapo nchi ikagawanyika, wengine wanasema ni pambano halali kwa mila, wengine wanasema ni mauaji. Na kuna faili la siri la Thalmor linalosema wao hawataki yeye ashinde, na hawataki ashindwe pia, wanataka vita viendelee tu.

Humo mna kiongozi mzima na hakuna hata sehemu moja inayohusu nguvu. Asichoweza kukifanya ni kukubali amani yenye ule mkataba ndani yake, kwa hiyo kwenye modi yangu hilo chaguo ama halipo ama likichaguliwa nusu ya majenerali wake wanamkimbia. Jirani akimpa ahadi ya ardhi au ibada, kompyuta inayomchezesha ipewe namba ya chini ya kuamini, kwa sababu Markarth ilishamfundisha. Alafu Thalmor, badala ya kuwafanya jeshi la tatu linalovamia, wapewe skripti ya kumsaidia yule anayeshindwa, dhahabu kidogo hapa, habari za kijasusi pale, na kila mwaka vita vikiendelea wao wanaongezeka nguvu. Mchezaji wa Ulfric ataona anapata bahati kila anapokaribia kuanguka, na mchezaji makini siku moja atajiuliza hii bahati inatoka wapi. Mi nikifika hapo nahisi hekaya imeingia kwenye damu ya gemu. Kuhusu kifo cha Torygg, msiamue. Mwandikieni mjumbe wa himaya akiite mauaji na mwandikieni shujaa wa Windhelm, mji wa Ulfric, akiite pambano, mchezaji asikie zote.

Hilo la mwisho nataka nilikazie kidogo, kwa sababu watengenezaji wengi wakikutana na hekaya inayojipinga wanaiona ni kasoro, wanachagua toleo moja na kufuta mengine ili mambo yanyooke. Kufanya hivyo ni hasara kubwa. Mfululizo huo huo wa The Elder Scrolls una gemu la 1996, Daggerfall, lenye miisho kadhaa inayopingana, na zile zilizofuata zikaja kusema yote ilitokea kwa pamoja, muda wenyewe ulivunjika. Alafu Morrowind ya 2002 ikajengwa karibu yote juu ya swali moja lisilo na jibu moja, jemadari wa kale Nerevar alikufaje. Hekalu, yani dini rasmi ya nchi hiyo, linasema alikufa kwa majeraha ya vita, watu wa jangwa la majivu wanasema aliuawa na wale watatu aliowaamini, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, ambao baada ya hapo wakawa miungu.

Na hao watatu, jamani, ni viongozi wa kambi waliokamilika. Uungu wao ulitoka kwenye moyo wa Lorkhan, mungu aliyeuawa, ulioko ndani ya mlima wa Red Mountain, na ilibidi waurudie moyo huo kujaza nguvu upya. Mwaka 882 wa zama za pili adui yao Dagoth Ur, anayekaa ndani ya mlima huo, akawazuia, tangu hapo hawafiki tena, na gemu linaanza mwaka 427 wa zama za tatu, yani wamekaa zaidi ya miaka 400 wakipungua polepole huku watu wao bado wanawaabudu kama zamani. Kambi nyingi kwenye magemu ya mikakati zinaanza dhaifu na kukua. Hawa waanze wakiwa na nguvu kuliko wote na kila zamu wapoteze kidogo, ukuta wa roho unaomzuia Dagoth Ur unakula nguvu za Vivec na akiuachia maradhi yanatoka mlimani, akiushikilia anaisha yeye. Mchezaji anayeanza na mungu atafurahi sana mwanzoni, katikati ataanza kuhesabu. Kila mmoja kati ya watatu ashughulikie upungufu huo kwa njia yake, Vivec abaki na watu wake, Sotha Sil ajifungie kwenye mji wake wa mashine asionekane, Almalexia aanze kuwageuka wenzake, na yote hayo yapo kwenye hekaya, hulazimiki kubuni hata kimoja.

Kuna kambi ambazo kiongozi mmoja ni uongo. Gemu linataka kichwa kimoja, picha moja, jina moja, ila hekaya inasema ni baraza, au ni ukoo uliofarakana, au kiongozi ameshakufa na wanaotawala ni wanaosema kwa jina lake. Nyumba ya Telvanni kwenye Morrowind ni wachawi wazee kila mtu na mnara wake, mkuu wao Gothren ukimwendea na ombi anakuambia analifikiria, na ataendelea kulifikiria mpaka uchoke, na kwao mtu akimuua mkubwa wake akachukua nafasi si kashfa kubwa, ndivyo mambo yanavyokwenda. Kumpa Gothren bonasi ya uchawi ni kumpoteza. Mpe diplomasia isiyojibu. Kila ombi la mkataba likae zamu nyingi bila ndiyo wala hapana, na kila baada ya muda kuwe na uwezekano wa kubadilishwa na mwingine na mikataba yote ianze upya. Itawakera majirani. Ndivyo inavyotakiwa.

Pale hekaya inapokuwa fupi, jina tu kwenye orodha ya wafalme na labda vita alivyofia, hapo pia watu wanakosea kwa kujaza kupita kiasi. Anampa utoto, wapenzi, ndugu msaliti, na mwisho wa siku yule mtu hafanani na ulimwengu alimotoka. Mi naona uangalie alichozungukwa nacho, ardhi yake ina nini na haina nini, nani anamiliki njia ya kwenda baharini, babu yake alimkosea nani, na kutoka hapo utoe katazo moja tu na sababu yake, uishie hapo. Na uandike mahali, kwenye faili linaloambatana na modi, kipi kimetoka kwenye hekaya na kipi umetunga wewe, kwa sababu watu wanaosoma modi yako watakiamini, watakirudia, na baada ya muda kitaonekana ni cha mwandishi wa mwanzo. Hiyo ni heshima kwa aliyetunga.

Kuhusu haki nitapita haraka. Hekaya zina wenyewe, na kutengeneza bure hakukupi ruhusa moja kwa moja. Mwaka 2012 kuna modi kubwa ya Skyrim iliyokuwa inajengwa juu ya Middle-earth, ulimwengu wa The Lord of the Rings, ikasimamishwa kwa barua ya Warner Bros., kazi ya watu wengi ikabaki kwenye kompyuta zao. Anayeanza leo asome masharti ya gemu na ya wenye hekaya kabla hajachora ramani, na kama anaweza atunge ulimwengu wake kama Paxton, kwa sababu akitunga mwenyewe hakuna wa kumzuia katikati.

Alafu wale wa usawa. Ukimfungia kiongozi mlango lazima atatokea mtu aseme huyu ni dhaifu, mwongezee, na usipokuwa na msimamo utamwongezea huyu leo na yule kesho mpaka wote wanalingana na umerudi kule kwenye asilimia 10. Kwa gemu la kushindana watu wengi kwa pamoja nakubali lazima nafasi za kushinda zikaribiane, ila kwa anayecheza peke yake na kompyuta hakuna sababu yoyote ya kambi zote kuwa na uzito mmoja. Andikeni wazi kwenye ukurasa wa kuchagua, huyu ni mgumu, huyu anafaa mtu mzoefu, mwenye kutaka ugumu atamchagua na atampenda kuliko wote. Nimeona watu wanakumbuka kambi waliyoshindwa nayo kuliko waliyoshinda nayo.

Maneno anayoyasema kiongozi yawe machache na yasirudie historia. Akikutana na wewe mara ya kwanza aseme kitu kinachoonyesha anachokitaka kwako, akishindwa aseme kitu kinachoonyesha alichokuwa anakiogopa tangu mwanzo, hiyo inatosha. Kwenye magemu mengi maneno haya yanakaa kwenye mafaili yake ya pembeni mbali na skripti, kwa hiyo mtu asiyejua programu hata kidogo ila anajua kuandika ana kazi kubwa ya kufanya kwenye timu, na ndiyo maana nimeandika barua hii kwenye gazeti linalosomwa na waandishi na siyo mafundi wa kompyuta peke yao. Tunawahitaji. Mtu aliyezoea tamthilia anajua ni nini kinamfanya mtu akatae kitu kizuri alichopewa bure, na hilo fundi wa namba mara nyingi halioni.

Ombi langu kwa waandishi wa ukurasa wa teknolojia ni kwamba siku mkiandika tena juu ya modi yoyote ya fantasia muulize nani aliandika viongozi na aliamua vipi, mtutajie huyo mtu kama mnavyomtaja aliyechora. Na kwa anayetengeneza sasa hivi, kabla hujaitoa modi yako iache kompyuta icheze yenyewe. Crusader Kings III ina amri ya kutazama tu, unaandika observe na gemu linakwenda bila wewe. Iache iende miaka mia, alafu fungua ramani usiangalie nani kashinda, mtafute yule kiongozi uliyemhangaikia, uone alikataa nini alipopewa, alimwacha nani, alipigana vita gani ambavyo hakulazimika kupigana. Kama alifanya kila ambacho jirani yake angefanya basi rudi kwenye hekaya usome tena kuanzia pale alipoapa.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi na mwandishi wa modi